Kuku wa Karanga Kabla Watoto Hawajalala

Katika mji wa Arua jua huzama karibu na saa moja ya jioni, na wakati huo akina mama wengi ndio kwanza wanaingia nyumbani. Mmoja ametoka kufundisha, wa pili ametoka sokoni kuuza nyanya na samaki wakavu, wa tatu amekuwa shambani tangu asubuhi akipalilia mihogo. Moto haujawashwa, maji hayajatekwa, na watoto wanauliza chakula. Chungu kinaposhuka jikoni saa tatu ya usiku, mtoto wa miaka mitatu amekwisha kulala juu ya mkeka. Huamshwa, akala matonge mawili huku macho yamefumba, kisha akarudi kulala. Nyumba hiyo haina upungufu wa chakula. Ina upungufu wa saa moja.

Jambo hili si dogo. Tumbo la mtoto ni dogo, haliwezi kuweka akiba ya mlo mmoja mkubwa wa mchana hadi kesho yake. Mtoto anayekosa chakula cha jioni mara nne kwa wiki kwa sababu ya usingizi huonekana mwembamba na mzito darasani, na wazazi wake hushangaa, maana ghalani mna unga na uani mna kuku. Kwa hiyo mapishi ya upesi si uvivu wa mama wa siku hizi. Ni njia ya kumfikishia mtoto chakula angali macho.

KUKU SI WA MGENI PEKE YAKE

Katika nchi ya West Nile, kuku ana heshima yake. Kuku wa kienyeji ni fedha iliyo miguuni: huuzwa mtoto akihitaji daftari, na huchinjwa mgeni wa maana akifika. Ndiyo sababu familia nyingi humwona kuku kuwa chakula cha sikukuu, chenye kupikwa taratibu tangu asubuhi.

Lakini maisha yamebadilika. Arua ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Koboko, iliyo kiasi cha kilometa 55 kaskazini yake, imekuwa wilaya tangu mwaka 2005, nayo inapakana na Sudan Kusini na Kongo. Barabara ya lami kutoka Vurra, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, inapita magari ya mizigo mchana na usiku. Kazi zimeongezeka, na katika miji hiyo kuku wa kisasa, aliyefugwa kwa wiki sita au saba tu, anapatikana pamoja na yule wa kienyeji. Mpishi hana budi kujua tofauti ya ndege hawa wawili, maana hapo ndipo saa moja inapopatikana au kupotea.

Kuku wa kisasa ni mchanga na hakutembea sana, hivyo nyama yake ni laini na huiva kwa muda wa nusu saa. Kuku wa kienyeji aliyetaga miaka miwili amekimbia, ameruka na amechakura kila siku. Mishipa yake imekaza, na akitupwa juu ya moto mkali atazidi kukakamaa. Yeye hutaka moto mdogo na muda wa saa moja na nusu au zaidi. Anayetaka kula mapema siku ya kazi na achague kuku wa kisasa, au jogoo mchanga wa kienyeji asiyezidi miezi mitano. Kuku mzee atapata nafasi yake hapa chini.

MATAYARISHO NDIYO UPESI

Wapishi wengi hudhani kwamba chakula cha upesi hutokana na moto mwingi. Moto mwingi huunguza mchuzi na kumaliza mkaa, nao mkaa si wa kuchezea. Mwezi Mei mwaka 2023 serikali ya Uganda ilipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa kuuza katika sehemu za kaskazini ya nchi, kwa kuwa miti ilikuwa ikiteketea. Upesi wa kweli hutokana na kazi iliyofanywa kabla ya moto kuwashwa.

Kazi ya kwanza ni karanga. Karanga hukaangwa na kusagwa siku ya mapumziko, pamoja na ufuta kidogo, ambao Uganda huitwa simsim. Siagi hiyo ikitiwa katika chombo kikavu chenye mfuniko, hutumika wiki nzima. Kabla ya kukaanga, karanga zichaguliwe moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zitupwe, wala zisipewe kuku. Ukungu huo huweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hudhuru ini, na moto wa jikoni hauiondoi.

Kazi ya pili ni kumkata kuku vipande vidogo. Kuku aliyekatwa vipande vinane huchukua muda mrefu kuiva kuliko aliyekatwa vipande kumi na sita, kwa sababu joto hufika kwenye mfupa upesi zaidi. Tena vipande vingi huwatosha watu wengi bila ugomvi.

Kazi ya tatu ni kugawana kazi zenyewe. Kijana aliyerudi shuleni anaweza kuteka maji na kumenya vitunguu. Baba anayeweza kununua kuku anaweza pia kumnyonyoa. Maji ya kunyonyolea yawe ya moto sana lakini yasiwe yanatokota, maana yanayotokota huivisha ngozi nayo ikachanika. Kuku azamishwe kwa muda wa dakika moja, na manyoya yatatoka yenyewe. Mahali wanapoishi Waislamu na Wakristo pamoja, kama ilivyo Arua na Koboko, ni desturi njema kumwomba Mwislamu achinje, ili jirani yeyote atakayebisha hodi aweze kukaribishwa.

MAHITAJI (watu sita)

Kuku 1 wa kilo moja na nusu
Siagi ya karanga na simsim, robo kilo
Nyanya 3 zilizoiva
Vitunguu maji 2
Vitunguu saumu, punje 3
Kipande kidogo cha tangawizi
Mafuta ya kupikia, vijiko 2 vikubwa
Maji ya moto, vikombe 4
Chumvi kiasi
Fungu moja la mchicha, yaani dodo, au majani machanga ya kunde

NAMNA YA KUPIKA

Washa sigiri kwanza, ndipo uanze kukata vitunguu, ili mkaa ukolee wakati mikono inafanya kazi. Kisu na ubao uliokatia nyama mbichi vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukatia mboga.

Tia mafuta katika sufuria pana. Kaanga vitunguu maji mpaka vianze kugeuka rangi, kisha ongeza vitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa. Tia vipande vya kuku na chumvi, ugeuze kwa muda wa dakika saba hata nyama iache wekundu wa nje. Tia nyanya, funika, na ziache zilainike kwa dakika tano.

Mimina vikombe vitatu vya maji ya moto. Maji baridi yangezima mtokoto na kupoteza dakika kumi. Funika na uache ichemke kwa moto wa wastani muda wa dakika ishirini.

Sasa chukua siagi ya karanga, uikoroge katika bakuli kwa kikombe cha maji kilichobaki, kidogo kidogo, mpaka iwe laini kama uji. Siagi isitupwe kavu ndani ya sufuria, maana itaganda madonge. Punguza makaa, mimina uji huo, na ukoroge mara kwa mara mpaka chini kabisa, kwani karanga hutuama na kuungua upesi. Baada ya dakika kumi mafuta yataelea juu ya mchuzi. Hiyo ndiyo dalili kwamba karanga zimeiva. Chana kipande kinene cha paja: nyama iwe nyeupe hadi mfupani na isitoe maji mekundu. Tia mboga iliyokatwa, subiri dakika tatu, na uondoe.

Mwenye sigiri moja apike mchuzi kwanza, aufunike vizuri, kisha asonge enyasa, ule ugali wa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi. Mchuzi mzito hutunza moto wake kwa dakika kumi na tano bila shida, bali ugali hupendeza ukiliwa mara utokapo jikoni. Kazi yote, toka kukaanga vitunguu hata kunawa mikono, haizidi saa moja na dakika kumi.

KUKU MZEE NA KIKAPU

Ikiwa nyumbani hakuna ila kuku mzee wa kienyeji, kuna njia ya kumlainisha bila kumkalia na bila kumaliza gunia la mkaa. Chukua kikapu kikubwa, kijaze majani makavu ya migomba au nyasi kavu pande zote, na uache shimo la kuenea sufuria. Shona mto wa nguo kuukuu, ujaze majani hayo hayo.

Mtu mzima au kijana mkubwa aliyeko nyumbani saa kumi achemshe vipande vya kuku katika sufuria iliyojaa maji na chumvi, vitokote kwa nusu saa kamili. Kisha, bila kufunua, sufuria itumbukizwe ndani ya kikapu na kufunikwa kwa mto. Joto halina pa kutokea, na nyama huendelea kuiva polepole kwa saa tatu pasipo kaa hata moja. Mama akirejea hurudisha sufuria motoni, huichemsha tena kikamilifu, hutia karanga, na baada ya robo saa watu wanakula. Sufuria isiachwe kikapuni tangu asubuhi hadi usiku, maana chakula kikifikia uvuguvugu huzaa vijidudu. Njia hii ni msaada mkubwa pia mahali kuni zilipo mbali, kama katika makazi ya wakimbizi ya Lobule, wilayani Koboko.

NANI ALE NINI

Chakula kikishaiva mapema, hubaki swali la kugawa. Zamani katika makabila mengi ya Uganda wanawake walikatazwa kula kuku na mayai. Mama alifuga, akapika, akaandaa, kisha akala ugali kwa mboga. Katazo hilo limefifia, lakini kivuli chake bado kipo katika nyumba nyingi. Firigisi na mapaja huenda kwa baba, vifua kwa wageni, na mama hubaki na shingo na maji ya chini ya sufuria. Watoto wadogo hupewa mchuzi na kuambiwa kwamba nyama ni ya wakubwa.

Mwili haujui desturi hiyo. Mwanamke mja mzito au anyonyeshaye na mtoto anayekua ndio wenye kuhitaji zaidi nyama na damu iletwayo na nyama. Maini ya kuku, kwa mfano, yana madini ya chuma kwa wingi, na yakipondwa katika mchuzi mtoto asiye na meno mengi huyameza bila taabu. Vipande kumi na sita kwa watu sita huacha viwili viwili kwa kila mmoja, na vinne vya kesho. Vile vya kesho vichemshwe vizuri kabla ya kuliwa.

Baba hapungukiwi heshima kwa kupeleka kipande cha paja kwenye sahani ya mkewe, wala mgeni hatakasirika akiona mtoto anatafuna nyama. Ikifika saa mbili ya usiku sufuria iwe tupu, vyombo viwe vimeoshwa, na mtoto wa miaka mitatu awe amelala juu ya mkeka ule ule, safari hii akiwa ameshiba.