Je, Wajua? Muuaji unamjua mapema
Katika *Uhalifu na Adhabu*, riwaya ya Mrusi Fyodor Dostoevsky, mauaji hutokea mwishoni mwa sehemu ya kwanza, kati ya sita. Msomaji mgeni anayejiandaa kubahatisha muuaji ni nani hana kazi. Ni Raskolnikov, kijana fukara aliyeacha chuo.

Amekwisha kuhesabu hatua kutoka kwake hadi kwa bibi kizee anayekopesha kwa rehani: 730. Ndani ya koti, chini ya kwapa la kushoto, ameshona kitanzi cha kuning'inizia shoka. Na shoka lenyewe? Mpango ulikuwa kulichukua jikoni, lakini mtumishi yumo. Analiokota chumbani kwa mtunza nyumba. Mpangaji hodari kweli! Baadaye anaificha mali ya wizi chini ya jiwe, pochi hata hajaifungua.

Riwaya ilitoka kwa mfululizo jaridani mwaka 1866. Mwaka huohuo Dostoevsky alidaiwa kitabu kingine. Angechelewa, mchapishaji angechapa kazi zake bure kwa miaka 9. Akakisimulia kwa siku 26, binti aitwaye Anna akiandika kwa hati mkato. Februari 1867 wakaoana.