ILANI NA MUDA WA KISHERIA: FUNZO KUTOKA KWA WAMAKONDE WA KWALE

Wahenga walinena kuwa chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Katika sheria, methali hii hugeuka kanuni: haki isiyodaiwa ndani ya muda uliowekwa huweza kupotea. Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo baina ya ilani na muda huo kwa kurejelea Wamakonde wa Kwale.

Muda wa kisheria huweza kuanza kuhesabiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza huanza pale mhusika anapoarifiwa. Kwa mfano, chini ya Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2006, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ile ya 2021, mwomba hifadhi aliyekataliwa alikuwa na siku 30 za kukata rufaa mbele ya Bodi ya Rufaa tangu alipoarifiwa uamuzi, kisha siku 21 za kwenda Mahakama Kuu. Siku yenyewe ya kuarifiwa haihesabiwi. Hapa ilani ndiyo ufunguo: kimsingi, asiyearifiwa ipasavyo siku zake hazijaanza kwenda.

Njia ya pili huanza pale sheria inapoanza kutumika, mhusika awe amepata habari au hajapata. Ndivyo ilivyokuwa kwa Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011. Kifungu cha 15 kiliwapa watu wasio na uraia wa nchi yoyote, walioishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, miaka 5 ya kuomba kuandikishwa kuwa raia. Miongoni mwa masharti yake ni kujua vyema Kiswahili au lugha ya kienyeji.

Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa kama Ramisi, hawakupungukiwa na Kiswahili. Walichokosa ni vitambulisho. Miaka 5 ilikwisha Agosti 2016, hali wengi wa Makongeni, Msambweni, wangali mikono mitupu. Oktoba mwaka huo walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi, wakapokewa Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza waandikishwe kabla ya Desemba, na vitambulisho vikaanza kutolewa mapema mwaka 2017. Aidha, muda wa kisheria uliongezwa hadi Agosti 2019.

Funzo kwa wanafunzi wa Kiswahili li wazi. Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, ilhali sheria zimeendelea kutungwa kwa Kiingereza. Sheria iliyomtaka mzee wa Makongeni ajue Kiswahili haikumwarifu kwa Kiswahili kwamba siku zake zinahesabiwa. Ilani isiyoeleweka haina tofauti kubwa na ilani isiyotolewa. Hivyo basi, tafsiri ya sheria si pambo la lugha. Ni sehemu ya haki yenyewe.