Shahada ya lishe: tuhesabu magunia kabla ya kujaza fomu

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, walimu wa Kitale na Bungoma huulizwa na wazazi swali lile lile: mtoto huyu asomee nini ambacho hakitamkosesha kazi? Jibu ambalo nimelisikia mara nyingi miaka ya hivi karibuni ni lishe. Mwanafunzi aliyekosa alama za udaktari au za uuguzi huelekezwa huko, kana kwamba taaluma hiyo ni mlango wa nyuma wa hospitali. Mimi ni mwanaisimu, wala sina ugomvi na wataalamu wa lishe; nawaheshimu, na sababu nitaieleza. Ninachokitilia shaka ni mazoea ya kuwapeleka vijana huko bila kupiga hesabu.

Shahada ya lishe, pamoja na tawi lake la mlo wa wagonjwa, huchukua miaka minne. Mfumo wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2023 uliwapanga wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma kulingana na uwezo wa jamaa zao: sehemu ya gharama ni msaada wa serikali, sehemu ni mkopo, na iliyosalia ni ya mzazi. Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha katiba Desemba 2024, shauri likapelekwa katika Mahakama ya Rufaa, na mwaka 2025 serikali ikatangaza kupunguza karo. Kwa hivyo mzazi asitegemee tarakimu alizosimuliwa na jirani ambaye mwanawe aliingia chuoni miaka miwili iliyotangulia.

Hata hivyo, tunaweza kupiga mfano. Tuseme kozi inagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka na mzazi amepangiwa kulipa asilimia 30. Hizo ni shilingi 60,000 kwa mwaka, au 240,000 kwa miaka minne, kabla ya chumba, chakula na nauli. Gunia la mahindi la kilo 90 likiuzwa kwa shilingi 3,500, mzazi huyo atauza magunia 69. Ekari moja ya Trans Nzoia ikitoa magunia 20 katika mwaka wa mvua nzuri, hayo ni mavuno ya takriban ekari tatu na nusu, na hapo jamaa haijala wala haijanunua mbolea. Ukifuata barabara itokayo Kitale, ukapita Kiminini na Kamukuywa mpaka uingie Bungoma, utakuta nyumba nyingi ambazo ardhi imegawanywa baina ya wana na wajukuu hata ekari tatu na nusu zikawa utajiri. Nayo asilimia nyingine 30 ikiwa mkopo, kijana atavua joho akidaiwa shilingi 240,000, na riba juu yake.

Je, atalipwa na nani? Tangu mwaka 2007 tunayo sheria ya wataalamu wa lishe, iliyounda taasisi ya kuwasajili na kuwapa leseni. Cheti cha chuo peke yake, basi, hakimpi mtu ruhusa ya kutibu. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, hospitali nyingi za umma zimo mikononi mwa kaunti, na mwajiri mkuu ni bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, ambayo huajiri kadiri bajeti inavyoruhusu. Wahudumu wa afya walioajiriwa kwa kandarasi mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote walikuwa bado wakiandamana mwaka 2025 wakidai ajira ya kudumu. Wengine walitegemea miradi ya wafadhili, hasa ile ya kuwahudumia wenye virusi vya Ukimwi. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, ilidhihirika jinsi ajira ya namna hiyo inavyoweza kukatika ghafla.

Ajabu ni kwamba haja ya wataalamu hawa ni kubwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika Pokot Magharibi, kaunti inayopakana na Trans Nzoia, ghala letu la mahindi, kiwango kilikuwa asilimia 34. Lakini haja ni kitu kimoja na nafasi ya kazi ni kitu kingine, nasi walimu tumezoea kuvichanganya tunapowashauri vijana.

Nimeahidi kueleza kwa nini naiheshimu kazi hii. Neno lishe limetokana na kulisha, yaani kumfanya mwingine ale. Ni kazi ya watu wawili, na nusu yake ni mazungumzo. Tazama jina kisukari. Mgonjwa akilisikia hudhani kosa lote limo katika kijiko cha chai. Huacha sukari asubuhi, na jioni huketi mbele ya mlima wa ugali, ambao wanga wake hugeuka sukari mwilini. Mzee wa Kibukusu anayeamini kwamba hajala mpaka ale busuma hatashawishika kwa jedwali la kalori lililoandikwa kwa Kiingereza. Anayeweza kuketi naye, akampimia tonge kwa lugha yake na kumwongezea mboga za kienyeji zilizo shambani mwake, ameokoa mguu usikatwe. Vyuo vyetu hufundisha kalori vizuri kuliko mazungumzo.

Kwa hivyo, mwanafunzi mwenye alama nzuri za kemia na biolojia, aliyepata msaada mkubwa wa serikali, na aipendaye kazi yenyewe, na aende chuo kikuu. Lakini yule ambaye mzazi wake atauza shamba, namshauri aanze na stashahada, asajiliwe kwa daraja lake, afanye kazi, kisha ajiendeleze. Chuo cha mafunzo ya matibabu cha serikali kina matawi Kitale na Bungoma, ingawa si kila tawi linafundisha kila kozi. Ni vyema kuuliza kwanza. Na anayeota kwenda Marekani ajue kwamba tangu Januari 2024 huko hakuna kufanya mtihani wa usajili bila shahada ya uzamili. Hesabu yake ni ndefu zaidi.

Kabla ya kujaza fomu, mwalimu na mzazi waulize mambo matatu: kama kozi inatambuliwa na taasisi ya usajili, ni hospitali gani itakayowapokea wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo, na ni wataalamu wangapi wa lishe ambao kaunti iliajiri mwaka uliopita. Hilo la tatu haliulizwi. Bodi za Trans Nzoia na Bungoma zingeweza kulijibu kwa karatasi moja, ikabandikwa katika kila shule ya upili kabla ya kidato cha nne kuchagua kozi.