Afya: Mfupa wa sikio ukiliwa na usaha, seramiki inaweza kuchukua nafasi yake

Usaha unaotoka sikioni kwa miezi au miaka unaweza kula mifupa midogo inayopitisha sauti, na kumwacha mtu akisikia kwa shida. Tangu miaka ya 1980, wapasuaji wa masikio wanaweza kuweka mahali pa mfupa huo kipande cha seramiki kilichotengenezwa katika maabara. Lakini kipande hicho hakisaidii kama ugonjwa wenyewe haujaondolewa.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna mifupa mitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku, chenye urefu wa milimita 3 hivi, ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Sauti ikigonga ngoma, mifupa hiyo inasukumana na kupeleka mtikisiko hadi kwenye maji ya sikio la ndani. Mnyororo huo ukikatika nyuma ya ngoma iliyo nzima, mtu anaweza kupoteza hadi desibeli 60, na maongezi ya kawaida karibu hayasikiki tena. Mara nyingi fuawe ndiyo inayoharibika kwanza, kwenye ncha inayogusana na kikuku, kwa sababu damu inayofika hapo ni kidogo.

Swali la kanali

Mwaka 1967, Larry Hench, mtafiti wa seramiki katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, alikuwa katika basi akienda kwenye mkutano wa jeshi. Kanali aliyekuwa ametoka vitani Vietnam alimwuliza kama anaweza kutengeneza kitu ambacho mwili wa mwanadamu hautakikataa.

Mwaka 1969, Hench na wenzake walitengeneza kioo chenye silika, sodiamu, kalsiamu na fosforasi. Walikiweka katika mifupa ya panya. Baada ya wiki sita hakikung'oka, kilikuwa kimeshikana na mfupa. Kifaa cha kwanza cha kioo hicho kuruhusiwa Marekani, mwaka 1985, kilikuwa cha sikio la kati.

Chokaa, asidi na moto

Seramiki nyingine inayotumiwa sikioni ni haidroksiapatiti, inayofanana na madini ya mifupa na meno yetu. Njia moja ya kuitengeneza ni kudondosha asidi ya fosfori polepole katika chokaa iliyochanganywa na maji. Unga mweupe unatokea, unaoshwa, unakaushwa, unagandamizwa, kisha unachomwa kwa joto linalopita nyuzi 1000, kama chungu kwenye tanuru.

Kipimo ndicho kazi ngumu. Kwa kila atomi 10 za kalsiamu zinatakiwa 6 za fosforasi. Kalsiamu ikipunguka, moto unageuza sehemu ya unga kuwa fosfati nyingine ambayo mwili unaiyeyusha upesi zaidi. Kwa kifaa kinachopaswa kusimama sikioni miaka mingi, hiyo ni hasara.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Daktari anafanya kazi kwa darubini. Anaondoa ugonjwa, anaziba tundu la ngoma kwa utando unaotolewa juu ya sikio la mgonjwa mwenyewe, kisha anasimamisha kipande juu ya kikuku. Kipande cha gegedu kinawekwa kati yake na ngoma ili kisiitoboe. Wakati mwingine kazi hii inangoja miezi kadhaa, hadi sikio likauke.

Seramiki ina udhaifu wake: ni rahisi kupasuka inapochongwa. Ndiyo maana wapasuaji wengi leo wanatumia titani. Na kama fuawe ya mgonjwa ingali nzuri, inaweza kuchongwa na kurudishwa, bila kununua kifaa chochote. Kwa aliyepoteza usikivu kwa sababu ya sikio la ndani au mshipa wa fahamu, upasuaji huu haumfai. Kipimo cha usikivu lazima kitangulie.

Kabla ya kufika huko

Sikio linalotoa usaha kwa wiki mbili au zaidi linahitaji kuonwa kwenye kituo cha afya. Kwa mtoto mwenye hali hiyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kukausha sikio mara tatu kwa siku kwa kitambaa safi kilichosokotwa, pamoja na dawa ya matone ya antibiotiki kwa wiki mbili. Mafuta, maji ya majani na vijiti havitakiwi sikioni. Sikio likikauka mapema, mifupa yake mitatu inaweza kubaki salama.