Silabi Sita za Électromagnétique

Somo la fizikia linapofika kwenye mawimbi, mwanafunzi wa Bukavu au Lubumbashi, anayezungumza Kiswahili mtaani na kufundishwa kwa Kifaransa darasani, hukutana na kivumishi cha herufi 17: électromagnétique. Machoni kinatisha. Masikioni ni silabi sita tu: é-lec-tro-ma-gné-tique.

Patazame pale konsonanti tatu zilipobanana: c, t na r. Kifaransa hakizigawi ovyo. T na r huandamana kufungua silabi, c hurudi nyuma kuifunga "lec". Sababu iko kinywani. Kama l, r hupitisha hewa na mvumo, ikikaribia tabia ya vokali. Kwa hiyo sauti hupanda kutoka t kwenda r hadi kilele chake, o. Kati ya c na t hakuna ngazi ya kupanda, kwani zote mbili huziba hewa kabisa. R yenyewe Wafaransa wengi huitolea nyuma kooni, karibu na gh ya "ghali", ingawa ukiitamka kwa ncha ya ulimi utaeleweka vizuri tu.

Kwenye gn Mswahili ana bahati: ni ny ya "nyama". G haisikiki, hivyo kukata mag-né ni kosa. Ila usiifanye kuwa sheria ya kila mahali, maana cognitif, kivumishi cha wanasaikolojia, hukatwa cog-ni-tif, na g yake husikika waziwazi.

Mwishoni, que ni k tupu. Kusini mwa Ufaransa, Marseille au Toulouse, e ile husikika kidogo na neno likapata silabi ya saba. Kwingine mkazo huangukia tique, wakati ulimi wetu, uliozoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hukimbilia gné.

Utamu wenyewe uko neno linapokaa ndani ya sentensi. Katika une onde électromagnétique, d ya onde huhamia mbele na tunasikia on-dé-lec. Katika wingi, kwa msemaji makini, s iliyokuwa bubu hugeuka z: les ondes électromagnétiques, yaani lé-zond-zé-lec. Mpaka wa maneno unaouona kwenye karatasi haupo tena hewani.

Kwa hiyo walimu, msiwakaririshe wanafunzi kivumishi hiki kikiwa peke yake. Wakitamke pamoja na nomino yake, umoja kwanza, kisha wingi.