Pampu imegoma? Usikimbilie kufungua injini yote

Vijana wenzangu, nyanya zipo kwenye maua halafu pampu inagoma. Mkono unawasha kufungua kila nati. Tulia kwanza.

Acha injini ipoe, chomoa waya wa plagi, funga koki ya petroli. Kaa mbali na moto. Anza na kabureta: petroli iliyolala humo msimu mzima huacha utando unaoziba jeti. Fungua kikombe cha chini, osha, puliza tundu. Usilichokonoe kwa waya mgumu, utalitanua. Piga picha kila hatua. Nati zipange kwenye trei ya mayai kwa mfuatano.

Ikiwaka, hela ya fundi imebaki mfukoni. Kamba ikivutika kilaini mno, huenda ringi au valvu zimechoka: hapo mwite fundi.

Msimu ukiisha, toa petroli yote.