Merikebu Ndogo Iliyoitangulia Kubwa

Wasomaji wetu wakaao pwani wamewaona watoto wakichonga vidau vya mti mwepesi na kuvishindanisha ufuoni. Huenda wakastaajabu kusikia kwamba kazi iliyo jirani na mchezo huo ilipata kumwokoa mjenzi mkubwa wa merikebu katika shaka kuu.

Mwaka 1878 merikebu ya anasa ya Alexander II, Mfalme wa Urusi, jina lake Livadia, ilivunjika katika pwani ya Crimea. Amiri Popov akataka ya pili iwe ya namna isiyopata kuonekana: urefu wake futi 235, na upana futi 153. Chini ilikuwa bapa mithili ya gayogayo, na juu ya mgongo wa gayogayo huyo palikuwa na jumba zima, lenye nguzo, vyumba vya kifalme, hata na chemchemi ya maji. Popov alikuwa amekwisha kuunda manowari za mviringo kama sinia, akaamini kwamba chombo kipana hakitayumba.

Kazi ilipewa kiwanda cha John Elder, Govan, kando ya mto Clyde katika Scotland. (Mto huo si mgeni kwetu. Huko huko, mjini Dumbarton, iliundwa mwaka 1878 merikebu Glasgow ya Seyyid Barghash, ile iliyozamishwa mbele ya mji wa Unguja tarehe 27 Agosti 1896.) Mkataba ulitaka Livadia iende maili 14 za baharini kwa saa; ikipungua hapo, Warusi walikuwa na haki ya kuikataa. William Pearce, mkuu wa kiwanda, alikuwa na sababu ya kukosa usingizi, maana hapakuwa na fundi aliyejua umbo kama hilo litahitaji nguvu kiasi gani.

Ndipo akamtafuta Tideman, mhandisi wa manowari za Uholanzi, aliyekuwa na birika refu la kupimia mifano huko Amsterdam. Elimu hiyo ilianzishwa na Mwingereza William Froude, aliyejenga birika lake Torquay yapata mwaka 1872, akakokota humo mifano ya nta na kupima jinsi maji yanavyoizuia.

Hapa twaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana hesabu yenyewe ni tamu. Tuseme mfano ni sehemu moja ya kumi ya merikebu. Je, uende sehemu moja ya kumi ya mwendo? La. Froude alionyesha kwamba mwendo hugawanywa kwa ile hesabu ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa kumi, yaani 3 na kidogo. Kwa hiyo maili 14 za merikebu ni kama maili 4 na nusu hivi za mfano. Mfano ukienda hivyo, mawimbi unaoyafanya huwa na sura ile ile ya mawimbi ya merikebu kubwa, na fundi aweza kukadiria nguvu itakayotakiwa. Uzito nao si sehemu ya kumi, bali ya elfu, kwa kuwa urefu, upana na kina vyote vimepungua.

Baada ya birika, mfano wa namna hiyo, sehemu moja ya kumi, ulijaribiwa katika ziwa Loch Lomond. Urefu wake ulikuwa kama futi 23, mkubwa kuliko ngalawa nyingi za kwetu. Pearce aliridhika. Livadia ilishushwa majini tarehe 7 Julai 1880, na ilipopimwa ilipita maili 15 kwa saa.

Lakini ziwa si bahari. Mwaka ule ule, katika Ghuba ya Biscay, tufani iliikuta, naye Konstantin, nduguye Mfalme, yumo ndani. Kuyumba haikuyumba sana. Popov alisema kweli. Ila mawimbi yaliipiga ile chini bapa kama nyundo, hata mabamba yakaharibika. Ikaingia Ferrol, Hispania, ikakaa miezi ikitengenezwa. Mwezi wa Machi 1881 Mfalme aliuawa, wala hakupata kula chakula hata kimoja ndani ya jumba lile. Baadaye merikebu ikafanywa bohari na makao ya askari, ikabadilishwa jina ikaitwa Opyt, neno ambalo kwa Kirusi maana yake ni jaribio.